Hewa ya Chumba cha Arobaini

Kazi yangu ni kufundisha hewa. Nafundisha na mambo mengine, mizizi, mifupa, sumaku, lakini hewa ndiyo naipenda, kwa sababu ni somo ambalo watoto huliingia wakiwa wamekwisha kukata kauli kwamba hakuna kitu. Naweka gilasi mezani na kuuliza ina nini ndani. "Hamuna kintu, Madame." Basi nakunja kipande cha karatasi, nakishindilia kwenye kitako cha gilasi, naipindua, naizamisha wima kwenye beseni la maji, halafu naitoa. Karatasi ni kavu. Nauliza ni nani aliyeyazuia maji. Darasa la watoto wa Kampemba, mtaa wetu wa Lubumbashi, ambao kwa kawaida huwezi kuwanyamazisha hata kwa kengele, linanyamaza, na ukimya huo ndio mshahara wangu, maana ule mwingine huchelewa.

Kitabu chetu kinasema hewa haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kimeandikwa na mtu ambaye, naapa, hajawahi kusimama Lubumbashi siku upepo unapotoka upande wa viwanda. Siku hizo hewa yetu ina ladha, inawasha koo, na mtoto wa dawati la nyuma kabisa anaijua. Mwaka wangu wa kwanza niliwaandikisha wanafunzi hivi: hewa safi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mkuu wa shule akaniita akanionya nisiongeze maneno kwenye kitabu, kwa kuwa mtihani hautakuwa na neno "safi". Nikamwitikia, "Oui, Préfet," nikarudi darasani, na neno likabaki ubaoni.

Nasema haya mapema ili ujue ni mtu gani anayeongea nawe. Upande wa mume wangu wananiita kichwa ngumu, na sina ugomvi na jina hilo. Wanasema nilimpinga mama mkwe wangu ndani ya arobaini yangu mwenyewe, mbele za watu, na sikutoa sababu ya kueleweka. Ni kweli, sikuitoa. Aliyenizuia kuitoa ametutoka sasa, Mungu amrehemu, kwa hiyo leo naweza kuiandika.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza mwezi wa sita, wakati mitihani ya mwisho wa mwaka inamalizika. Wasioijua Lubumbashi hudhani Kongo yote ni joto. Waje mwezi wa sita asubuhi, waguse maji ya ndoo iliyolala nje, halafu tuzungumze. Mume wangu ni wa familia za Kiislamu zilizotoka Maniema, watu wa biashara tangu babu zao. Mimi ni wa Wakatoliki wa kaskazini, babu yangu alikuwa mtu wa reli. Kabla ya ndoa tulipatana juu ya kila kitu, chakula, sikukuu, majina ya watoto, isipokuwa jambo moja ambalo hakuna aliyelikumbuka, nalo ni arobaini, zile siku za uzazi. Kwao mzazi hukaa ndani mpaka arobaini itimie, na chumba hufungwa ili upepo usimwingie yeye wala mtoto.

Mume wangu alikuwa Kambove, kwenye migodi, akiwauzia wachimbaji sururu na viatu vya mpira, na nyumbani alikuja siku za Jumapili. Aliyekuja kukaa nami ni mama yake. Aliingia na mabegi yake, akambusu mtoto kwenye utosi, akatazama chumba kama fundi anayetazama ukuta mbaya, kisha akaanza kazi. Dirisha alilitundikia blanketi. Juu ya dirisha kulikuwa na matofali yale yenye matundu ya kupitisha hewa, naye akapanda kwenye kiti akaziba kila tundu kwa vipande vya kikwembe, kitenge chake cha zamani. Chini ya mlango aliweka gunia lililokunjwa. Alipomaliza alikaa kitandani karibu nami, akasema, "Sasa Madame, pumuzika." Aliniita Madame tangu siku niliyoolewa, kwa utani, kwa sababu ya ualimu wangu.

Nataka nimtendee haki. Hakuwa mjinga wala mzembe. Umeme ulikuwa unakatika asubuhi kwa asubuhi, na mtoto lazima aogeshwe kwa maji moto mahali penye joto, kwa hiyo palihitajika mbabula, lile jiko letu la bati lenye matundu, la makaa. Kuna nyumba ambamo mbabula huingizwa ikifuka moshi na watu wakikohoa. Yeye hakuruhusu hilo. Aliiwasha uani, akaipepea kwa mfuniko wa sufuria, akasubiri mpaka makaa yote yawe mekundu na moshi umekwisha kabisa. Alipitisha kiganja juu yake, akainusa. Hapo tu ndipo aliposema Bismillahi na kuiingiza chumbani. Aliniambia moshi ni mbaya kwa mapafu ya mtoto, nami nikakubaliana naye kwa moyo wangu wote.

Asubuhi za kwanza sikufikiri lolote. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Nilikuwa na maumivu ya kichwa yaliyoanza kila siku mtoto alipoogeshwa na kupungua mchana, mlango ulipokuwa ukifunguliwa na wageni. Waliniambia ni kawaida ya mzazi. Mtoto naye alisifiwa. Wanawake waliokuja kutuona walimtazama amelala, wakatikisa vichwa kwa wivu mwema, wakasema, "Huyu mutoto iko muzuri, halie hata kidogo."

Ndipo mwenzangu wa shule akaniletea karatasi za mtihani wangu. Alama zilikuwa zinangojewa na hapakuwa na mtu mwingine wa kusahihisha. Mama mkwe hakupenda, mzazi hasomi, macho yataharibika, lakini nilimbembeleza akaniachia. Kwa hiyo asubuhi moja nilikuwa nimeketi kitandani na kalamu nyekundu, mtoto ameshaogeshwa na kulazwa pembeni yangu, mbabula iko katikati ya chumba, makaa yake mekundu, mazuri kuyatazama. Mama mkwe alikuwa ametoka uani kumwaga maji.

Walijibu vizuri watoto wangu. Naitrojeni sehemu nne kati ya tano, oksijeni karibu sehemu moja, zilizobaki ni kidogo sana. Hewa hujaza nafasi. Hewa ina uzito: mmoja alieleza vizuri ile fimbo niliyoifunga uzi katikati, na mipira miwili kwenye ncha zake, na jinsi mpira nilioutoa upepo ulivyopanda juu. Hewa ikipata moto hutanuka. Nilikuwa nasoma huku mistari inapishana machoni na kichwa kinagonga. Kisha likaja swali la gesi ya makaa. Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba makaa yakiwaka mahali pasipopitisha hewa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyemo humo huumwa kichwa, halafu hulala. Nikaweka alama ya sahihi. Nikachukua karatasi ya pili, jibu lile lile, nikaweka alama ya sahihi. Kwenye ya tatu mkono wangu ulikataa kuandika.

Nilimtazama mtoto. Nilimgusa shavu, hakugeuka. Nilimfinya unyayo, kwa nguvu, akakunja uso kidogo tu kisha akaulegeza.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka nilivyolipiga teke gunia la mlangoni. Nilitoka na mtoto kifuani, kichwa wazi, miguu mitupu, nikasimama barazani kwenye baridi ile ambayo mzazi hatakiwi hata kuisikia, nikawa nampulizia usoni na kumsugua mgongo na kumwita. Mama mkwe aliniona akaangusha ndoo. Kabla hajanifikia, mtoto alivuta pumzi, akalia, kilio cha hasira, cha mtu aliyedhulumiwa. Nikalia naye. Jirani mmoja aliwahi kunishika nisianguke. Nilimwomba afuatane nasi kwenye kituo cha afya, na kule walimtazama mtoto, wakatuambia yuko salama, tumweke mahali penye hewa.

Tuliporudi chumba kilikuwa kimefungwa kama mwanzo, blanketi dirishani, gunia mlangoni, mbabula ndani, inatungoja. Hasira zikanipanda. Nilimkabidhi jirani mtoto, nikaingia, nikaishika mbabula kwa kitambaa, nikaitoa mpaka katikati ya uwanja na kuiweka chini mbele za wote. Kisha nikarudi nikalivuta blanketi la dirisha.

"Weye Madame," mama mkwe alisema, sauti yake ikiwa chini, "utaua mutoto na baridi."

"Mama, ni ile makala ya mbabula njo ilikuwa inamuua. Inatoa gaz. Chumba ikifungwa, inatulalisha siye wote, hatutaamuka."

"Moshi iko wapi? Nionyeshe ile moshi. Nilingoja inaisha yote, uliniona."

"Haina moshi, Mama. Haina na rangi, haina na harufu."

"Kitu haionekane, hainuke, weye njo unaiona." Wanawake wawili waliokuwa langoni walicheka. "Na ile hewa ya inje yenye unataka kumupatia mutoto? Haina na mavumbi? Haina na moshi ya usine?"

Hapo alinipata, sifichi. Hewa ya nje ya mji wetu, na moshi wake wa viwanda, sikuweza kuisifia, mimi niliyepigania neno moja ubaoni kwa sababu yake. Lakini hewa chafu yenye oksijeni bado ni hewa ya kupumua, na nilimwambia hivyo, na nikamwambia mbabula haitaingia tena mle ndani madhali mimi ni hai.

Akampigia mwanawe simu. Mume wangu alinisikiliza kidogo, akamsikiliza yeye sana, kisha akaomba nipewe simu tena. "Chérie, sikiliza Mama. Yeye njo alituzala siye wote."

"Na miye njo nilizala huyu," nikamwambia, nikakata.

Mchana ule nilifunga nguo za mtoto kwenye begi. Nilikuwa nimeamua: au dirisha liwe wazi, au niende kwa mama yangu. Mzazi kuihama nyumba ya mumewe ndani ya arobaini ni aibu ambayo ingesimuliwa Kampemba nzima, na nilikuwa tayari isimuliwe. Mama mkwe aliingia akaliona begi. Nilidhani atafoka. Alikaa kitandani, akavua ukaya wake wa kichwa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana, nywele zake zikiwa nyeupe kuliko nilivyodhani.

"Mbele ya kuzala bwana yako nilizalaka mutoto mwengine," alisema. "Mwanamuke. Ilikuwa baridi sawa hii. Mama yangu alikuwa ashakufa, nilikuwa peke yangu, nikafunga chumba muzuri miye mwenyewe. Nikaingiza mbabula yenye haikuwa na moshi hata kidogo. Asubui nikamukuta analala. Midomo yake nyekundu, viganja nyekundu, muzuri kabisa. Nikasema leo mutoto amelala muzuri. Kumbe alishakufa." Aliukunja na kuukunjua ule ukaya. "Na miye kichwa ilikuwa inapasuka, nikatapika, sikuweza kusimama. Bakaniambia ni baridi ilituingia bote mbili. Ilipitia fasi yenye sikuziba. Njo maana ninaziba."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Nilikuwa na somo lote kwenye ulimi. Makaa yakiwa na hewa tele, kila chembe ya kaboni hujipatia oksijeni ya kuitosheleza. Chumba kikizibwa, oksijeni inapungua, na naitrojeni, ingawa imejaa tele, haimsaidii chochote anayekosa pumzi. Makaa huanza kutoa gesi yenye upungufu wa oksijeni, ambayo damu huipokea kwa pupa kuliko inavyoipokea oksijeni yenyewe, na damu hiyo huwa nyekundu sana, ndiyo sababu waliokufa hivyo huonekana wazima, midomo yao mizuri. Kichwa kinauma, mtu anatapika, halafu analala. Kila alichonisimulia kilikuwa jibu sahihi. Sentensi moja ilitosha kunipa ushindi, na mume wangu angenyamaza, na majirani wangenyamaza, na mbabula ingebaki nje milele.

Niliufunga mdomo wangu.

Sikufanya hivyo kwa upole, naomba nieleweke. Nilikuwa na hasira kuliko asubuhi. Nilikasirikia kitabu chenye majibu yote ambacho miaka yote hiyo hakikumfikia mwanamke mmoja aliyekuwa peke yake na mtoto. Nilimkasirikia yule aliyemwambia ni baridi. Lakini huyu aliyekaa mbele yangu alikuwa amezeeka akiamini kwamba kosa lake lilikuwa tundu alilosahau kuziba. Kumwambia kwamba ni yale aliyoyaziba, hapana. Hilo sikulikubali, hata kwa ajili ya kushinda.

"Dirisha itabakia wazi, Mama," nikasema. "Na mbabula itabakia inje."

"Ju ya nini?"

"Ju ninakataa."

Hivyo ndivyo nilivyopata jina langu. Sikuondoka, kwa sababu baada ya kusikia yale sikuweza kumwacha peke yake na chumba kile. Lakini sikulegeza. Tulipigana vita vya kimya. Akiliteremsha blanketi, nalipandisha. Akiurudisha mlango, naufungua kwa mguu huku nanyonyesha. Maji ya kumwogeshea mtoto yalichemshwa uani, mtoto akaogeshwa upesi na kufungwa ndani ya vikwembe vitatu, na chupa za maji moto nikazizungushia taulo nikazipanga ubavuni mwake. Mtoto alilia kutwa, na kila kilio kilikuwa kitamu masikioni mwangu. Wageni waliniambia mbele yake kwamba sina heshima. Mume wangu alikuja Jumapili na uso wa hakimu, akaniuliza sababu, nami nikamwambia kama nilivyomwambia mama yake. Akasema hakujua ameoa jiwe. Nikamwambia ajue sasa.

Kilichoniuma ni siku aliposema, akimkunjia mtoto nguo bila kunitazama, "Unanichukia, Madame." Sikumchukia. Nadhani ni wakati ule ndipo nilipoanza kumpenda, nikiwa siruhusiwi kuonyesha kwa nini. Nilimjibu tu kwamba si kweli, na jibu hilo lilisikika hafifu hata kwangu.

Matofali ya juu bado yalikuwa na matambara yake. Sikuweza kupanda kiti, mshono wa uzazi ulikuwa haujakauka vizuri, na hakuna aliyekubali kunipandia.

Arobaini ilikuwa inakaribia mwisho, na ilikuwa asubuhi, baridi kali, jua bado halijapata nguvu. Nilikuwa nikinyonyesha. Mama mkwe aliingia na chai yangu, akaiweka, lakini hakutoka. Alisimama akitazama mahali mbabula ilipokuwa ikiwekwa, sakafu ikiwa bado na doa la moto.

"Ile gaz yako," alisema. "Yenye ulisema inalalisha bantu."

"Ndiyo, Mama."

"Mutu mwenye inaua, anakuwaka namna gani? Sura yake."

Nilihisi mtoto akiacha kunyonya, au labda ni mimi niliyeshtuka. Alikuwa amelibeba swali hilo tangu siku ya ugomvi wetu, siku zote zile za blanketi kupanda na kushuka, akiligeuza. Nilimtazama usoni, mimi ambaye wiki chache kabla niliwapa watoto alama kwa jibu lile lile, nikakana kwamba najua.

"Siyue, Mama."

"Mwalimu, hauyue?"

"Siyue."

Alinitazama machoni. Sikuinamisha macho. Nilikuwa nimempinga kwa kila kitu ndani ya chumba kile na nilikusudia kumpinga na kwa hili.

"Basi," alisema taratibu, "ukae vile vile, bila kuyua."

Akavuta kiti hadi ukutani. Akapanda, mkono mmoja kwenye ukuta, akaanza kutoa matambara kwenye matundu, moja baada ya jingine, akiyadondosha sakafuni. Hakuharakisha. Baridi ikaingia wima, ikatupiga sote watatu. Alipomaliza alishuka, akakiweka kiti chini ya yale matundu, akakaa, akanyoosha mikono nimpe mtoto. Nikampa. Akamgeuza kifuani kwake, akamfunika kwa ukaya, akaielekezea baridi mgongo wake, na akabaki amekaa hivyo mpaka jua likapanda.